Gari Linapotetemeka Likiwa Limesimama

Injini yenye kasoro inaweza kukudanganya ukiwa kasi ya kilomita 80 kwa saa njiani Chalinze, lakini kwenye silensi haina pa kujificha. Gari limesimama, mguu umetoka kwenye mafuta, na injini inazunguka yenyewe mara 650 hadi 700 kwa dakika. Chukua Toyota IST, gari lililojaa mitaa ya Dar es Salaam, Arusha na Mwanza kiasi kwamba ni vigumu kumpata fundi ambaye hajawahi kulifunua boneti. Lina silinda 4, na kila silinda huwaka mara moja katika kila mizunguko 2. Kwenye silensi ya 700, silinda moja hupata zamu yake karibu mara 6 kwa sekunde. Zamu hizo zikiruka, mtikisiko wa polepole kiasi hicho hupenya moja kwa moja hadi kwenye kiti, usukani na kioo cha pembeni.

Injini hiyohiyo ipeleke mizunguko 3,000. Nishati iliyomo kwenye flaiwili hukua kwa mraba wa kasi yake, hivyo sasa inabeba zaidi ya mara 18 ya ile iliyokuwa nayo kwenye silensi. Silinda ikiruka zamu, flaiwili inaivusha bila dereva kuhisi kitu. Ni kama baiskeli, ambayo huyumba ikienda polepole na kunyooka ikishika kasi. Ndiyo maana malalamiko yanayofika gereji huwa yaleyale: likikimbia liko safi, likisimama ndiyo linatetemeka.

Kuna na sababu ya pili, ambayo nadhani haizingatiwi vya kutosha. Kwenye silensi mlango wa throtoli umefungwa karibu kabisa, na injini inavuta hewa kidogo sana. Ufa mdogo kwenye mpira wa hewa, ambao kwa mizunguko 3,000 ungeingiza hewa isiyo na athari yoyote, kwenye silensi unaingiza sehemu kubwa ya hewa yote inayohitajika. Nozeli iliyoziba kidogo, cheche iliyofifia kidogo, valvu isiyokaa sawasawa: kila kasoro ndogo hukuzwa hapo. Kwa hiyo mtetemo wa silensi si ugonjwa mmoja. Ni mahali ambapo magonjwa mengi tofauti hutoa dalili inayofanana, na hapo ndipo pesa za wenye magari hupotelea.

Zinapotea namna gani? Fundi anasikia "linamisi", anasema plagi. Plagi zinabadilishwa, mtetemo upo. Zinafuata koili, kisha nozeli zinasafishwa, kisha sensa ya oksijeni, na mwisho wa yote mwenye gari anaambiwa injini imechoka. Ni rahisi kumlaumu fundi, ila mfumo wetu wa malipo ndio uliomfundisha hivyo. Mteja hulipa akiona kifaa kipya kimefungwa na cha zamani kimewekwa mkononi mwake. Fundi akitumia saa mbili kupima, akagundua hozi ya shilingi elfu chache imepasuka, mteja atamuuliza kwa nini anadai hela nyingi kwa kubadilisha mpira. Tunalipia kufungua boliti na hatutaki kulipia kupima, halafu tunashangaa kwa nini hakuna anayepima.

Kipimo cha kwanza hakihitaji hata kufungua boneti. Inabidi kujua kinachotetemeka ni injini au ni gari. Kwa gari la otomatiki, kanyaga breki, weka D, sikiliza mtetemo, kisha weka N. Mtetemo ukiisha au kupungua sana kwenye N, huku mshale wa RPM ukiwa umetulia muda wote, mtuhumiwa mkuu ni mauntingi za injini. Hizi ni raba zinazobeba injini na kuzuia mitikisiko yake isifike kwenye bodi. Gia ikiwa D injini husukuma huku breki zikizuia, hivyo hujipindisha juu ya mauntingi; raba ikiwa imekufa, chuma hugusa chuma. Magari ya IST ya toleo la kwanza yaliundwa kati ya 2002 na 2007. Kenya huzuia kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini Tanzania huruhusu makuukuu kwa kuyatoza ushuru zaidi, kwa hiyo barabarani kwetu raba yenye umri wa miaka 20 ni jambo la kawaida. Nimeona watu wakibadilisha plagi mara mbili kwa tatizo la raba.

Kabla ya kuendelea, jambo moja kuhusu Passo na Vitz zenye injini ya 1KR. Hizi zina silinda 3 na ujazo wa sentimita za ujazo 996. Silinda tatu haziwezi kusawazishana kama nne. Injini ya namna hiyo hutikisika kwa asili yake, tangu siku ilipotoka kiwandani. Aliyehama kutoka Corolla akaingia Passo atadhani ameuziwa gari bovu. Linganisha Passo na Passo nyingine iliyo nzima, usiilinganishe na kumbukumbu ya gari lako la zamani.

Ikishajulikana kwamba ni injini, swali linalofuata ni la wakati: hutetemeka lini? Asubuhi tu ikiwa ya baridi, au ikishapata moto? AC ikiwashwa? Baada ya kuoshwa? Baada ya kujaza mafuta kituo fulani? Mwenye gari ndiye mwenye majibu haya, na fundi asiyeuliza anaanza kazi akiwa gizani. Mshale wa RPM nao una lugha yake. Ukitulia huku gari likitikisika kwa mapigo ya kufuatana, silinda moja huenda haifanyi kazi yake. Ukipanda na kushuka polepole, kama kutoka 600 hadi 1,000 na kurudi, kompyuta inahangaika kusawazisha hewa ambayo haikuipima, au throtoli ni chafu.

Tuanze na cheche, kwa sababu ndipo penye makosa mengi na vipimo rahisi. Injini za IST, yaani 1NZ na 2NZ, zina koili moja juu ya kila plagi, na mpangilio huo una zawadi kubwa kwa fundi mwenye subira: koili zinafanana, unaweza kuzihamisha. Silinda namba 1 ikishukiwa, hamishia koili yake namba 2. Tatizo likihamia namba 2, koili ndiyo mbovu. Likibaki namba 1, koili haina hatia, na sasa hamisha plagi. Kipimo hiki hakigharimu hata senti moja. Ili kujua silinda ipi imelala, chomoa soketi ya nozeli moja moja injini ikiwa inaunguruma. Silinda nzima ikizimwa, mtetemo huongezeka. Iliyokufa ikizimwa, hakuna kinachobadilika. Wengi huchomoa koili badala ya nozeli, na hapo petroli isiyoungua inamwagika hadi kwenye masega ya ekzosi na kuyachoma.

Plagi za injini hizi huhitaji uwazi wa milimita 1.1 hivi, na uwazi huo hutanuka kadiri ncha inavyolika. Plagi feki ni tatizo kubwa katika maduka ya spea. Huandikwa jina kubwa, hufungwa boksi zuri, na hufa mapema. Lakini kabla ya kuilaumu plagi, tazama shimo ilimokaa. Ukiona oili humo, gasketi ya kifuniko cha valvu imekufa na oili inapenya hadi kwenye raba ya koili. Ukiona maji, waulize walioosha gari. Vijana wa kaoshi wenye mashine ya presha wakiilenga injini, maji hutuama kwenye mashimo ya plagi, na cheche badala ya kuruka kwenye ncha hutambaa pembeni na kufia kwenye chuma. Ukiniuliza mimi, injini haihitaji kuoshwa kwa presha hata siku moja.

Hewa ndiyo sehemu ngumu zaidi, na ndiyo inayozalisha utambuzi mbovu kuliko zote. Injini ya petroli inataka takribani gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu 1 ya petroli. Kwenye 1NZ, sensa iliyo mara tu baada ya filta ya hewa hupima hewa inayopita, na kompyuta hutoa petroli kulingana nayo. Hewa ikiingia baada ya sensa hiyo, kupitia hozi iliyopasuka, gasketi ya manifoldi iliyokauka, mpira wa valvu ya PCV uliolegea au mpira wa breki ulio na tundu, kompyuta haina habari nayo. Mchanganyiko unakuwa na petroli pungufu. Sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaona hewa imezidi, inaripoti, na taa ya injini inawaka kwa msimbo P0171.

Hapo ndipo drama huanza. Mashine ya kusoma misimbo imetaja upungufu wa petroli kutokana na habari za sensa ya oksijeni, basi sensa inabadilishwa. Sensa ilikuwa nzima. Ilileta habari ya kweli na imeadhibiwa kwa hilo. Kuna na mtego wa ndani zaidi. Silinda isiyowaka kwa kukosa cheche hutoa nje hewa yake yote bila kuunguzwa, pamoja na petroli. Sensa huona oksijeni tu, haioni petroli. Itasema petroli imepungua ilhali imemwagika bure, na kompyuta itaongeza nyingine. Ekzosi iliyotoboka kabla ya sensa nayo huvuta hewa ya nje na kuleta uongo uleule. Kwa hiyo P0171 ni mwanzo wa swali.

Fundi mwenye mashine nzuri anaweza kulijibu swali hilo kwa dakika chache akitazama marekebisho ya mafuta, yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza petroli kutoka kwenye hesabu yake ya msingi. Injini nzima huwa ndani ya asilimia 10 hivi, juu au chini. Ikisoma 20 kwenye silensi, kisha ikashuka hadi 3 au 4 ukishikilia mizunguko 2,500, kuna hewa inayoingia kwa wizi, kwa maana kwa mizunguko mingi wizi huo hauna uzito tena. Ikiwa nzuri kwenye silensi na mbaya kwenye mwendo, tafuta upande mwingine: pampu dhaifu, filta ya mafuta iliyoziba, au sensa ya hewa iliyochafuka na kupima pungufu. Sijui kipimo kingine kinachogawa tatizo mara mbili kwa uwazi kama hiki, na bado gereji nyingi zenye mashine huishia kusoma msimbo na kuufuta. Angalizo tu kwamba 1KR haina sensa ya kupima kiasi cha hewa. Hupima shinikizo ndani ya manifoldi. Kwake hewa ya wizi huonekana kwa silensi kupanda kuliko kwa petroli kupungua.

Kuutafuta ufa wenyewe, wengi hupulizia dawa ya kusafishia kabureta kwenye mipira na kusubiri mlio ubadilike. Inafanya kazi, lakini dawa hiyo inawaka, na ekzosi ya moto iko sentimita chache kutoka hapo. Maji ya kunyunyiza hutoa jibu karibu lilelile bila kuhatarisha gari. Anayeweza kupuliza moshi kwenye manifoldi injini ikiwa imezimwa ana njia bora kuliko zote mbili: moshi unatoka palipo na tundu, na mteja anaona kwa macho yake anacholipia.

Throtoli chafu ni habari nyingine. Mvuke wa oili unaorudishwa kuunguzwa huacha utando mweusi kwenye ukingo wa mlango wa throtoli, na upenyo mdogo wa hewa ya silensi unazidi kusinyaa. IST za mwanzo zenye waya wa mafuta zina valvu ya silensi chini ya throtoli, nayo hugandamana. Za baadaye hutumia mota ya umeme kufungua mlango wenyewe. Dalili ni ileile: AC ikiwashwa au usukani ukikatwa, injini inazama na kutaka kuzima. Kusafisha ni kazi ndogo. Tatizo huja baadaye, kwa kuwa kompyuta ilishajifunza kufungua zaidi ili kufidia uchafu, na uchafu ukiondoka silensi inaruka juu. Hapo fundi asiyejua husema throtoli imeharibika. Dawa yake ni kuondoa waya wa betri kwa dakika kadhaa, kuwasha bila AC wala taa, na kuiacha injini ipate moto hadi ijipange upya. Kwenye throtoli ya umeme, usiusukume mlango kwa kidole swichi ikiwa imewashwa.

Sasa niseme kuhusu jambo linaloniudhi, nalo ni kupandisha silensi. Mteja analalamika kuhusu mtetemo, fundi anakaza waya wa mafuta au kugeuza skrubu ya kuzuia throtoli, RPM inapanda hadi 1,000, mtetemo unapungua, mteja analipa na kuondoka akiwa na furaha. Kilichotokea ni kwamba injini imeondolewa kutoka mahali ambapo kasoro inaonekana. Kasoro iko palepale, petroli inaliwa zaidi kwenye foleni, gia inaingia D kwa kishindo, na kompyuta, ikiona throtoli haijafunga, inaweza kukosa uhakika kwamba dereva ameachia mafuta. Skrubu hiyo iliwekwa kiwandani. Aliyeigusa amefuta alama ambayo fundi ajaye angeitegemea.

Ndugu yake ni desturi ya kutoa thamostati kwa hoja kwamba nchi yetu ni ya joto. Thamostati ya injini hizi hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, na kazi yake ni kuifikisha injini kwenye joto la kufanyia kazi haraka, kisha kuishikilia hapo. Bila hiyo, ukitembea asubuhi Iringa au Limuru injini hubaki vuguvugu, kompyuta hudhani bado inaamka na kuendelea kumimina petroli ya ziada, silensi inabaki juu na plagi zinashika masizi. Baada ya miezi, plagi zenye masizi zinaanza kumisi. Ukizibadilisha bila kurudisha thamostati, utazibadilisha tena.

Upande wa petroli nitapita haraka kidogo, kwani kwenye silensi si mtuhumiwa wa kwanza. Filta ya mafuta kwenye IST iko ndani ya tangi pamoja na pampu, kwa hiyo haionekani na haikumbukwi. Shinikizo linalotakiwa ni kilopaskali 304 hadi 343. Pampu hupozwa na petroli inayoizunguka, na sisi tunaojaza mafuta ya elfu kumi huku taa imewaka wiki nzima tunaiunguza taratibu. Mafuta ya kuchakachua yana historia ndefu kwetu. Tanzania ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 chini ya EWURA, mamlaka yake ya udhibiti wa nishati na maji, na Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida ya kuyachanganya. Mafuta ya taa hayaungui kama petroli. Injini hugonga na huacha masizi. Mtetemo ukianza siku ileile uliyojaza kituo kigeni, anzia hapo kabla ya kufungua chochote.

Neno kuhusu mashine. Marekani ililazimisha magari yote mapya ya mwaka 1996 yawe na mfumo mmoja wa kusomwa. Magari yaliyoundwa kwa soko la ndani la Japani miaka ile hayakubanwa na sharti hilo. Soketi ya pini 16 ipo chini ya usukani, inafanana kabisa, ila kompyuta ya IST ya 2003 inaweza kukataa kuzungumza na kile kifaa cha bei rahisi cha Bluetooth. Wengi hutupa kifaa wakidhani ni kibovu. Fundi wa Toyota anayejua kazi huunganisha pini ya 13 na ya 4 kwa kiwaya, na taa ya injini hupepesa misimbo yenyewe. Ukimwona anafanya hivyo bila kusita, uko mahali pazuri.

Ikiwa cheche, hewa na petroli vyote vimepita, zimebaki sehemu za ndani. Injini hizi zina VVT-i, mfumo unaotumia oili kubadili wakati wa valvu za kuingiza hewa. Oili isipobadilishwa kwa wakati, tope huziba valvu ndogo inayouongoza mfumo huo, na kemu hubaki imetangulia hata kwenye silensi. Gesi zilizoungua hurudi ndani, uwakaji unayumba, na gari huweza kuzima taa ikibadilika kuwa nyekundu. Kuitoa na kuisafisha valvu hiyo ni kazi ya boliti moja. Nafasi za valvu pia hubadilika kwa umri. Kwenye 1NZ zinapaswa kuwa milimita 0.15 hadi 0.25 upande wa kuingiza na 0.25 hadi 0.35 upande wa kutoa, injini ikiwa ya baridi. Valvu ya kutoa ikikosa nafasi haifungi vizuri, na silinda hiyo hupoteza kompresheni kwenye silensi kuliko kwenye mwendo.

Kompresheni ipimwe kabla ya mtu yeyote kutamka neno "injini ya mtumba". Kinachotafutwa ni silinda iliyojitenga na wenzake. Namba yenyewe hubadilika kwa kipimo na kwa betri. Mimina oili kidogo kwenye silinda dhaifu na upime tena: ikipanda, ringi ndizo zimelika, isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi. Ringi za silinda zote zikiwa zimekwisha na gari likitoa moshi wa bluu, injini ya mtumba kutoka Japani ni uamuzi wa busara, na mara nyingi bei yake ni nafuu kuliko kuifumua ya zamani. Lakini angalia kinachohamishwa. Injini hiyo ikifika, mafundi huifunga kwa mauntingi zilezile za zamani, mipira ileile, throtoli na sensa zilezile, kwa kuwa zinaoana na waya za gari. Kama chanzo cha mtetemo kilikuwa kimojawapo cha hivyo, kitahamia kwenye injini mpya siku hiyohiyo.